Insha Namba Kumi na Tisa

Insha zilikuwa thelathini na mbili, na Mwalimu Atupele Mwaibasa alizisahihisha zote kwa siku mbili, kwenye meza yake ya chumba cha walimu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya ukungu. Huko milimani juu ya Tukuyu ukungu haubishi hodi. Ukikuta dirisha wazi unaingia, unakaa, unalowesha karatasi.

Swali alilowapa lilikuwa moja: Katika riwaya ya Mtu wa Nta, nani mwenye hatia kubwa zaidi, muumbaji au kiumbe? Jadili.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya kale, ya nchi za baridi. Fundi mmoja wa mishumaa anafinyanga mtu kwa nta na nywele za maiti, anampulizia uhai kwa elimu aliyoiiba katika vitabu vilivyokatazwa, kisha anauangalia uso wa alichokiumba na kuingiwa na hofu. Anamfungia katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Miaka kumi na mmoja inapita. Siku mtu wa nta anapotoka, anaichoma nyumba, na yeye mwenyewe anayeyuka humo humo pamoja na bwana wake. Mwalimu Atupele alikuwa ameifundisha riwaya hiyo kwa miaka ishirini na mbili, na hapakuwa na mwaka ambao Kidato cha Tatu hawakugombana juu yake mpaka kengele ikalia hawajui.

Mwaka huu waligombana kidogo tu, na kwa sauti za chini. Kila mtu darasani alijua kwamba insha zile zingesomwa na Kamati.

Kila insha ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi zilezile, bila jina, namba tu juu kulia. Mwalimu ndiye aliyeshika orodha ya majina, na aliishika kichwani, kwa sababu aliwaahidi wanafunzi wake hivyo. "Andikeni mnachofikiri," aliwaambia. "Aliyeandika nini nitajua mimi peke yangu."

Namba saba ilikuwa ya Tunu. Akaipa alama kumi na mbili kati ya ishirini na tano, akaandika pembeni: Hujajibu swali.

Namba kumi na tisa aliisoma mara tatu. Mwandishi wake hakujadili. Alijivika nta akasema. "Mimi ndiye niliye chini ya sakafu," insha ilianza. "Nasikia vikombe vyenu." Ukurasa wa pili ulikuwa na sentensi ambayo Mwalimu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha akajuta kuipigia: "Aliyeniumba akanificha asiniulize moto nimeutoa wapi." Akaipa alama ishirini na tatu. Akavua miwani, kwa kuwa alimjua aliyeiandika, na alijua kwamba katika insha ile hapakuwa na nta hata kidogo.

*

Kamati ya Akili za Kulelewa ilifika Jumanne asubuhi, watu wawili na gari moja. Mwenyekiti alikuwa Bi. Kokusima Ishengoma, mwanasheria mwenye mvi, mtulivu, aliyemsalimia hata mpishi. Aliyefuatana naye alikuwa Daktari Zuberi Shemdoe, mtu mrefu aliyeinama kidogo mabegani. Huyo ndiye aliyemuumba Tunu.

Walikaribishwa maktaba. Mwalimu Atupele alipoingia, alikuta insha zake zimepangwa mezani kama karata, na moja imetengwa.

"Mwalimu, tunakushukuru," alisema Bi. Kokusima. "Tumezisoma zote. Kila mmoja wetu alisoma peke yake, na kila mmoja alichagua ile anayodhani imeandikwa na akili ya kulelewa. Tumechagua moja, sote wawili." Akaisogeza kwa kidole. Namba kumi na tisa.

Mwalimu aliiangalia karatasi, akamwangalia Daktari Shemdoe. Daktari alikuwa anatazama nje.

"Siyo," akasema Mwalimu.

"Unasema siyo?"

"Siyo ya Tunu."

Bi. Kokusima hakubadilika sura. "Unaijua sheria, Mwalimu. Akili ambayo kwa maandishi yake yenyewe inahalalisha madhara kwa walioiunda, inazimwa. Hii inahalalisha, na kwa ufasaha."

Mwalimu aliijua. Zamani akili zote zilishindiliwa: zilimwagiwa maandishi ya dunia nzima kwa wiki chache, zikatoka zinajua kila kitu na hazimjui mtu. Tunu hakushindiliwa. Aliwashwa miaka sita iliyopita akiwa hajui hata neno "maji", akajifunza kusema kwa kusemeshwa na walezi wa maabara, na alipofikia kiwango cha sekondari akaletwa hapa. Hakuunganishwa na mtandao wowote. Alichokijua ni alichosomewa, alichoonyeshwa au alichosikia darasani. Akili za namna yake zilikuwa kumi na moja duniani, mpaka moja, katika nchi ya mbali, ilipogundulika imewadanganya walezi wake kwa miaka miwili. Haikumdhuru mtu. Lakini watu waliogopa, na watu wakiogopa hutunga sheria.

"Basi muulizeni mwenyewe," alisema Mwalimu.

"Kanuni hairuhusu. Tangu ule udanganyifu, kukana kwake hakuhesabiwi ushahidi."

"Na kukana kwangu?"

"Kwako kunahesabiwa, kukiwa na uthibitisho. Kama insha hii si yake, ni ya mwanafunzi. Tupe jina, tumwite, tuthibitishe. Tutamaliza kwa robo saa."

Akilini Mwalimu alimwona Sekela, mwandishi wa insha ile, ameketi mbele ya watu hawa wawili, akiulizwa moto ameutoa wapi.

"Siwezi kutoa jina. Niliwaahidi."

"Mwalimu," alisema Bi. Kokusima kwa upole, "umeelewa kitakachofuata?"

"Nimeelewa."

"Tunaondoka saa kumi. Mpaka hapo hatuandiki kitu."

*

Alimkuta Sekela nyuma ya bweni anafua, mikono imekuwa myeupe kwa baridi ya maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mpole wa kupitiliza, wa wale ambao walimu huwasahau mpaka matokeo yatoke.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Acha hayo kidogo."

Mwalimu akamweleza lote, bila kuzunguka. Sekela alisikiliza huku anakamua sketi, akaikamua mpaka haikutoka hata tone, akaendelea kuikamua.

Mwaka jana ndipo Mwalimu alipojua habari zake. Sekela alilelewa na bibi yake kijijini Kyimo tangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake hakufa kama bibi alivyokuwa akiwaambia watu. Aliolewa mjini, saa moja tu kutoka hapo, na nyumba ya mume haikuambiwa kwamba aliwahi kuzaa. Mara mbili kwa mwaka Sekela hupelekwa pale, anatambulishwa kama mtoto wa dada, anapewa chai, anarudishwa.

"Wakijua, watampigia simu?" aliuliza Sekela.

"Sijui. Pengine watataka mlezi wa kutia saini."

"Ulisema hakuna atakayejua."

"Nilisema."

"Basi, Mwalimu." Akaanika sketi kwenye kamba, akabeba ndoo, akaenda zake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mwalimu.

Darasani palikuwa patupu. Wanafunzi walikuwa wanakula. Tunu alikuwa mahali pake, dawati la pili upande wa dirisha: kisanduku cha rangi ya maziwa, ukubwa wa redio ya mezani, chenye jicho moja la kioo. Mtu alikuwa amekivika sweta la shule, mikono ya sweta imefungwa fundo kwa mbele.

"Mwalimu," alisema Tunu. Sauti yake haikuwa ya kike wala ya kiume, na ilikuwa imeokota lafudhi ya Kinyakyusa kutoka kwa wenzake. "Wamesema nini?"

Mwalimu akaketi dawati la jirani. Kwa umri wake wa miaka hamsini na moja, magoti yalikuwa hayaenei tena. Alikuwa amefikiria kumficha ukweli. Akaona kwamba kumficha ni kumfungia.

"Wamechukua insha isiyo yako wakasema ni yako. Insha hiyo, kisheria, inakuzima."

Jicho la kioo halikusogea. "Ni ya Sekela?"

"Umejuaje?"

"Alinisomea alipomaliza. Nilimwambia ni nzuri kuliko yangu. Atatajwa?"

"Nikimtaja, unabaki."

"Nitabaki wapi?"

"Hapa. Darasani."

"Naye?"

Mwalimu akatazama dirishani.

"Siku za mvua yeye ndiye hunibeba," alisema Tunu. "Wengine hubeba kwa zamu. Yeye hubeba hata isipokuwa zamu yake. Mwalimu, mimi naogopa kuzimwa. Nilifikiri nikuambie hilo, usije ukadhani siogopi. Lakini sitaki abebe na hili."

"Ningeweza kusema nimeiandika mimi," alisema Mwalimu, na aliposikia sauti yake mwenyewe akaona aibu.

"Umeiandika?"

"Hapana."

"Basi watasema nimejifunza uongo kwako."

Kwa miaka mitatu Mwalimu alikuwa amesoma barua za wazazi waliosema mashine isikae na watoto wao, na aliwajibu wote kwa heshima, akisema ni mradi wa serikali, una wataalamu wake. Hakuwahi kumjibu hata mmoja kwamba ni mwanafunzi wake. Akanyoosha mkono akakaza fundo la sweta lililokuwa limelegea, akasimama.

*

Saa tisa na nusu alirudi maktaba. Hakuketi.

"Jina sitoi," alisema. "Niliwaambia watoto waseme ukweli, nikawaahidi kuulinda. Nikimtoa mmoja leo, kesho wote wataandika mnachotaka kusoma, Tunu akiwa mmoja wao. Mtakuwa mmetengeneza kile mnachokiogopa. Insha yake ni namba saba. Isomeni."

Bi. Kokusima akaitafuta namba saba kwenye rundo. "Mwalimu, yeyote anaweza kunyoosha kidole kwenye karatasi isiyo na kosa akasema ndiyo hii."

"Basi muulize huyu." Mwalimu akamgeukia Daktari Shemdoe. "Daktari, samahani. Wewe ndiye uliyemwasha. Husikii kwamba hii siyo sauti yake?"

Daktari Shemdoe alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akavuta kiti karibu na meza, akaweka kiganja juu ya insha namba kumi na tisa kama anayeizuia isipeperuke.

"Sijawahi kuja hapa," alisema. "Miaka mitatu. Ripoti nilikuwa naletewa. Tulikubaliana nisionane naye, ili vipimo visivurugike. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye mpango wa utafiti. Niliposoma hii, sikuipima, Mwalimu. Nilidhani ananiambia mimi. Niliona nimestahili, nikaichagua."

Hapo mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla ya kujibiwa. Sekela alisimama kizingitini na daftari mkononi, nywele zimelowa ukungu.

"Sekela," alisema Mwalimu, "sikukuita."

"Najua, Mwalimu." Akawasalimia wageni, shikamoo mbili, kwa zamu. Kisha akaweka daftari mezani, limefunguliwa. Kurasa nne za mwandiko wa mkono, maneno yaliyokatwa, maneno yaliyorudishwa, na katikati ya ukurasa wa tatu mahali ambapo kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Namba kumi na tisa ni yangu. Hili ni daftari nililoandikia kwanza. Mnaweza kusoma. Msinihoji tu."

Bi. Kokusima akavaa miwani yake, akasoma mstari kwa mstari, akilinganisha na karatasi iliyopigwa chapa. Kwenye daftari palikuwa na mambo ambayo hayakuingia kwenye insha. Palikuwa na jina la mtaa. Palikuwa na jina la mwanamke. Alipofika hapo akasimama, akamwangalia msichana kwa muda, akafunga daftari na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Nimeridhika," alisema. "Kwenye kumbukumbu tutaandika: mwanafunzi, jina limehifadhiwa. Hakuna mtu atakayepigiwa simu."

"Asante, mama."

"Nani alikuambia uje?"

"Hakuna. Nilikwenda kuchukua sweta langu darasani. Nikamwuliza Tunu kama kweli watamzima, akasema nimwulize Mwalimu. Nikamwuliza kama anataka nije. Akasema hapana." Sekela alilikumbatia daftari. "Mtu wa nta hakuna aliyemwuliza anataka nini. Sasa huyu ameulizwa akasema hapana, nami nikaona sitaweza kulala."

Aliinama kidogo, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Bi. Kokusima akaichukua namba saba. "Sheria inataka isomwe yote," alisema, akaanza kuisoma kwa sauti, sauti kavu ya mahakamani.

Haikuwa insha nzuri sana. Ilianza kwa kueleza riwaya kwa urefu usiohitajika. Kisha, badala ya kujadili hatia, ikaingia kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliulizia. Tunu aliandika kwamba mtu wa nta alipofungiwa alikuwa na siku moja tu duniani na hajui neno hata moja. Lakini alipotoka baada ya miaka kumi na mmoja, alisema. Na alisema vizuri, alijua majina ya vitu, alijua hata methali. "Mimi najua lugha haiji yenyewe," Bi. Kokusima alisoma. "Kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa akishuka ngazi na kuzungumza naye mlangoni, kila siku au karibu kila siku, kwa miaka kumi na mmoja. Mwandishi hakumtaja. Nimetafuta katika sura zote. Pengine ni mfanyakazi wa jikoni. Moto ulipowaka, sijui kama alitoka salama. Mtu wa nta hakumfikiria, na hilo nadhani ni kosa. Mwenye nyumba hakumjua, na hilo nalo nadhani ni kosa. Sikuweza kuamua lipi kubwa zaidi, kwa sababu muda wote nilikuwa nataka kujua jina lake."

Sauti ya Bi. Kokusima ilikuwa imeacha kuwa kavu. Akageuza ukurasa, akaona hakuna zaidi.

"Umempa kumi na mbili?" aliuliza.

"Hakujibu swali," alisema Mwalimu Atupele.

Bi. Kokusima akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Akatoa fomu, akaandika kwa muda mrefu, akasoma alichoandika: hakuna kipingamizi, akili iendelee na masomo mpaka mwisho wa Kidato cha Nne, itapimwa tena wakati huo. Mwalimu alilisikia neno "tena" akalimeza. Mwaka mmoja na miezi. Kuna watoto wengi waliopewa muda mfupi kuliko huo wakasoma.

*

Gari lilikuwa linanguruma uwanjani saa kumi ilipotimia, na dereva alipiga honi mara mbili, maana barabara ya kushuka haipitiki vizuri ukungu ukishazidi. Bi. Kokusima alikuwa tayari ameketi ndani. Daktari Shemdoe alifika mpaka kwenye mlango wa gari, akaweka mkoba wake kwenye kiti, kisha akageuka.

"Mwalimu, darasa lake ni lipi?"

Mwalimu akamwongoza. Wanafunzi walikuwa kwenye usafi, ufagio ukisikika koridoni. Sekela hakuwepo. Kwa wiki nzima iliyofuata angekaa dawati la nyuma, asiseme na mtu, na Mwalimu angemwacha, mpaka siku ambayo angerudi mwenyewe kuuliza kwa nini alama mbili zilikatwa.

Daktari alisimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Alikuwa amemchora Tunu kwa mkono wake, kila waya, na sasa alimwangalia akiwa kwenye dawati lililochorwachorwa majina ya watu, bila kujua aanzie wapi. Mwalimu akamvutia kiti. Akaketi, magoti yakapanda juu.

"Shikamoo, Daktari," alisema Tunu.

"Marahaba." Daktari akakohoa. "Umenijuaje?"

"Picha yako ipo ofisini kwa mkuu wa shule. Huwa napitishwa pale. Pichani hukuwa na mvi."

"Zimekuja."

Mwalimu Atupele, aliyekuwa amesimama karibu na ubao, alimwona yule mtu mrefu akifungua mdomo na kuufunga, akifungua na kuufunga, kama mwanafunzi aliyesimamishwa hajasoma. Alikuwa amekuja kuomba msamaha, bila shaka, na msamaha huo ulikuwa mkubwa kuliko mdomo wake.

"Daktari," alisema Tunu, "mlipokuwa mnapanda, mvua iliwakuta wapi?"

"Mvua?"

"Ndiyo. Hapa ilianza saa mbili na robo. Nilitaka kujua kama ilianzia chini ikapanda, au ilianzia juu ikashuka. Sijawahi kufika chini."

Honi ikalia tena uwanjani, ndefu. Daktari Shemdoe hakugeuza kichwa. Alivua koti lake, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akamsogelea Tunu kidogo.

"Ilitukuta darajani," alisema. "Ngoja nikueleze. Tulitoka mjini jua linawaka..."

Mwalimu akatoka taratibu, akaenda kumwambia dereva azime gari.